Karamu ya Kila Siku na Maradhi ya Sukari



Kwetu, pilau ilikuwa na siku yake. Ilipikwa Ijumaa, siku ya Idi, kwenye harusi, au alipofika mgeni kutoka safari ya mbali. Siku nyingine tulikula wali kwa mchuzi wa samaki, muhogo, ndizi mbichi, mbaazi, kunde na mchicha. Nyama ilinunuliwa kwa ratili na kugawanywa kwa nyumba nzima, na soda ilifunguliwa kwa ajili ya mgeni. Kwenda sokoni, skuli na msikitini tulikwenda kwa miguu.

Leo, katika nyumba zetu za hapa Uingereza, pilau na biriani hupikwa wakati wowote, sambusa zimejaa kwenye friza, na chupa kubwa ya soda haikosekani mezani. Hatukuyaacha mapishi ya wazee wetu, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Tulichokiacha ni kiasi chao. Chakula cha sikukuu tumekigeuza kuwa chakula cha kila siku, ilhali mwendo wa miguu tumeupunguza.

Mama mmoja wa jamaa zetu alikuwa akiamka mara nne usiku kwenda haja ndogo na kunywa maji, akidhani ni uzee na baridi. Kidonda kidogo cha kidole cha mguu, kilichotokana na kiatu kilichombana, kikakaa miezi miwili bila ya kupona. Alipopimwa damu aliambiwa kuwa ana maradhi ya sukari, na huenda amekuwa nayo kwa miaka. Kidole kilikatwa. Alipotoka hospitali, sisi majirani tulimpelekea, kwa mapenzi yetu, sinia la biriani na sahani ya halua.

Maradhi yenyewe

Wali, mkate, muhogo na sukari vikishayeyushwa tumboni hugeuka glukosi, ambayo huingia katika damu. Insulini, inayotengenezwa na kongosho, ndiyo inayoiwezesha glukosi kutoka damuni na kuingia katika chembechembe za mwili. Mafuta yanapozidi tumboni, kwenye ini na kwenye kongosho, insulini hushindwa kufanya kazi yake vizuri, na sukari hubaki katika damu. Sukari hiyo ikikaa kwa miaka huharibu mishipa ya macho, figo na miguu, na hufungua njia ya kiharusi na maradhi ya moyo. Hii ndiyo kisukari ya aina ya pili. Ile ya aina ya kwanza, ambayo aghalabu huanzia utotoni au ujanani, haisababishwi na ulaji.

Habari njema ni kwamba hii ya aina ya pili inaweza kuzuilika kwa kiasi kikubwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwafuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa maradhi haya. Wale waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito wao, na kutembea kwa haraka au kufanya mazoezi mfano wa hayo kwa dakika 150 kila wiki, walipata kisukari kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 58, wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyokuwa na dawa. Kwa mtu mwenye kilo 80, asilimia 7 ni kilo 5 na nusu hivi. Hakuna aliyetakiwa kukonda kama sindano.

Kipimo cha uzi

Mwaka 2022, taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba nchini England, ilishauri kwamba kiuno cha mtu kisifike nusu ya urefu wake. Basi chukua uzi, upime urefu wako tangu utosini hadi kisiginoni, uukate, kisha uukunje katikati. Ukiuzungusha kiunoni, juu kidogo ya kitovu, nao usikutane, hiyo ni ishara ya kuanza kujitazama.

Taasisi hiyo pia imeeleza kwamba watu wenye asili ya Afrika, Asia na Mashariki ya Kati hupata madhara ya uzito mapema kuliko wazungu. Kwa mama mwenye urefu wa sentimita 160, tahadhari kwa wazungu huanza kwenye kilo 64. Kwa wetu huanza kwenye kilo 59 hivi.

Jikoni

Haba na haba hujaza kibaba, na hayo ni kweli kwa samli pia. Kijiko kimoja kikubwa cha samli kina kalori zipatazo 120. Anayemimina kutoka kopo bila ya kupima hajui amemimina vijiko vingapi.

Litazameni na tui. Bibi zetu walikuna nazi wakalitenga tui zito la kwanza na tui jepesi la pili. Chakula kiliiva kwa lile jepesi, na lile zito likatiwa mwishoni. Tui la kopo tulitumialo hapa ni zito tupu, na kopo moja la mililita 400 aghalabu lina mafuta yanayozidi gramu 60. Tumia nusu kopo, uongeze maji, na ladha ya nazi itabaki.

Sambusa na katlesi zinaweza kupakwa mafuta kidogo kwa brashi na kuokwa katika oveni. Chapati za unga wa ngano isiyokobolewa hushibisha zaidi kuliko za unga mweupe. Nusu ya sahani iwe mchicha, bamia, kabichi au kachumbari. Robo iwe samaki, kuku asiye na ngozi, mbaazi au adesi. Na robo iliyobaki iwe wali. Samaki wa vibua na dagaa, waliopo hapa hata katika makopo, wana mafuta yenye manufaa kwa moyo.

Ama sukari, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani takriban vijiko 6 vya chai kwa mtu mzima. Kopo moja la kola la mililita 330 lina vijiko karibu 9. Anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa vijiko vitatu vitatu amekwisha kutia 12 kabla ya kuonja kaimati hata moja.

Ramadhani

Ni ajabu kwamba wengi wetu huongezeka uzito katika mwezi wa kufunga. Qur'ani Tukufu, katika Suratul A'raf aya ya 31, imetuhalalishia kula na kunywa, ikatukataza israfu. Na katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Miqdaam bin Ma'dikarib, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, kinywaji na pumzi. Tukifungua kwa tende na maji, tukasali Magharibi, kisha tukaanza na shurba, tutajikuta hatuna haja ya sinia la vitu vya kukaanga.

Wenye kisukari, hasa wanaotumia insulini au vidonge vya kuteremsha sukari, wamuone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani, na wasijibadilishie dawa wenyewe. Mgonjwa ana ruhusa ya kisheria ya kutofunga, na kuipokea ruhusa ya Mola wake si udhaifu wa imani.

Heshima ya mgeni

Tunalo jambo moja zito zaidi ya samli, nalo ni desturi. Mtu akinenepa huambiwa kuwa Ulaya imemkubali. Mgeni akisema ameshiba, humwongezea mwiko wa pili, na akikataa tunaona ametudharau. Tuanze kuukubali ukarimu wa namna nyingine: mgeni akisema "Alhamdulillah, nimeshiba," tumsadiki. Na dada zetu wanaowapeleka watoto skuli asubuhi, mbona wasitembee pamoja nusu saa kabla ya kurudi nyumbani? Siku tano kwa wiki ndizo dakika 150 zenyewe.

Aliyetimia miaka 40 mpaka 74, akiwa England na hajagunduliwa kuwa na maradhi haya au ya moyo, ana haki ya kupimwa afya bure kila baada ya miaka mitano. Asingoje kiu wala kidonda, kwani wengi huwa na sukari bila ya dalili yoyote. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yule mama yetu sasa anaendelea vizuri. Ijumaa bado anapika pilau, na Jumamosi anarudi kwenye mbaazi na mchicha. Siku hizi tukienda kumtazama tunampelekea samaki wa kuchoma na matunda.

Mwenyezi Mungu atujaalie siha njema, awaponye wagonjwa wetu, na atuwezeshe kuzilinda amana za miili aliyotupa. Amin.

Wabillahi tawfiq.