Lebo ya Asali: Rangi ya Simu na Rangi ya Karatasi

Kwenye simu, lebo ya asali yetu iling'aa kama dhahabu. Lebo 500 nilizokabidhiwa mjini Kitui zilikuwa na rangi ya strungi iliyolala kwenye sufuria tangu asubuhi. Kijana wa duka akanigeuzia kompyuta yake. "Mama, si ni hii hii uliyotuma?" Na kweli, pale ilikuwa iking'aa. Nililipa, maana hakuwa amenidanganya.

Simu hutoa mwanga. Kila kitone cha kioo chake kina vitaa vitatu: chekundu, cha kijani na cha bluu, vyote vikiwaka kwa nguvu unaona nyeupe. Karatasi haina taa. Wino humeza sehemu ya mwanga na kuurudisha uliobaki, na mashine huchanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Kila ukiongeza wino, giza linazidi. Ndiyo maana kijani kikali cha ndengu hufifia kikichapwa, na bluu ya simu hutoka ikielekea zambarau. Dhahabu nayo haimo katika wino hizo nne. Niliyoiona mimi ilikuwa mng'ao wa kioo tu.

Sasa hesabu. Karatasi ya stika ya A3 hutosha lebo 20 za sentimita 6 kwa 8. Tuseme, kwa mfano tu, uchapaji wa dijitali ni shilingi 60 kwa karatasi. Mashine ya ofseti huhitaji pleti nne, moja kwa kila wino. Tuseme pleti na matayarisho ni shilingi 6,000, kisha kila karatasi ni 15. Lebo 500 ni karatasi 25: dijitali 1,500, ofseti 6,375. Lebo 5,000 ni karatasi 250: dijitali 15,000, ofseti 9,750. Kwa bei hizo ofseti huanza kukufaa ukifika karatasi 134. Weka bei utakazopewa wewe, kisha uongeze nauli kama kazi unaipeleka River Road, Nairobi. Mara nyingi nauli ndiyo hula faida ya mwenye mizinga michache.

Kuna chaguo la tatu ambalo wengi hulidharau: wino mweusi peke yake juu ya stika ya kaki. Pleti ni moja, na hakuna rangi ya kupotea njiani. Kwa asali mimi sasa ndilo ninalolipendelea.

Anayepakia maembe Makueni hana njia hiyo rahisi, kwa sababu embe linataka rangi yake. Wino huliweza vizuri: manjano yote na majenta karibu nusu. Adui wake ni jua. Majenta na manjano ya bei nafuu hupauka kwanza. Tazama mabango ya uchaguzi yaliyosahaulika barabarani, nyuso zote zimebaki za kibluu. Kwa sanduku la kukaa nje, uliza kuhusu wino unaostahimili jua. Kwa chupa inayoshikwa kwa mikono yenye asali, kataa lebo ya printa ya wino wa maji, kwani itachuruzika ukiipangusa. Ya leza huvumilia.

Faili litume kama dokumenti, kwa kuwa picha ya WhatsApp hubanwa. Lebo ya sentimita 6 kwa 8 inahitaji vitone visivyopungua 709 kwa 945. Maandishi madogo na msimbo wa mistari viwe vya wino mweusi mtupu. Vikichanganywa wino nne, kingo hutoka na ukungu. Scribus ni programu ya bure inayokubali rangi za wino, ila itakudai kompyuta na subira.

Kabla ya kulipia zote, lipia karatasi moja, kwenye stika ile ile, mashine ile ile. Kwa mfano wangu ni shilingi 60. Kata lebo moja, ibandike kwenye chupa iliyojaa, utoke nayo nje juani.