Tarakimu ya Kwanza ni Nanga

Chombo kilichotia nanga huyumbishwa na upepo na mkondo, lakini hakiendi mbali kuliko urefu wa amari yake. Akili ya binadamu nayo ina nanga yake, nayo ni ile tarakimu inayotangulia kutajwa.

Jambo hili limethibitishwa. Mwaka 1974 wataalamu wawili wa saikolojia, Amos Tversky na Daniel Kahneman, walieleza jaribio walilolifanya. Mbele ya watu walizungusha gurudumu la bahati, lililotengenezwa lisimame penye 10 au 65 tu. Kisha wakawauliza: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Walioona 10 walikisia 25 kwa wastani. Walioona 65 walikisia 45. Gurudumu halikujua lolote juu ya Afrika, lakini liliwavuta watu wazima wenye akili timamu. Hata walipoahidiwa malipo kwa kukisia vizuri, mvuto huo haukupungua.

Ikiwa gurudumu lina nguvu hizo, sembuse kauli ya mkubwa? Mchuuzi humtajia mvuvi bei duni, na mvuvi akiongezewa kidogo hujiona ameshinda. Mwenye mikarafuu anayetakiwa kupisha barabara, akitangulia kusikia fidia haba, hubishana kandokando ya kiasi hicho hicho. Maofisini nako, makadirio ya mwaka uliopita huongezwa sehemu ndogo yakaitwa mapya. Kama ya mwanzo yalikosewa, kosa hurithiwa mwaka hata mwaka, na anayelilipa ni mwananchi.

Hapana budi viongozi watambue kwamba anayetaja hesabu kwanza ameshika usukani wa shauri. Katika kamati, kila mjumbe na aandike makisio yake kwenye karatasi kabla mwenyekiti hajafungua kinywa. Makadirio na yaanzie kwenye mahitaji yenyewe: wagonjwa wangapi, barabara ya urefu gani, saruji mifuko mingapi. Mwananchi naye ahesabu miti yake, ajue gharama zake na bei za masoko mengine, aiandike thamani anayoiona ni ya haki, ndipo aende kwenye mazungumzo.

Nahodha hodari hutupa bildi apime kina kabla ya kutia nanga. Tusikubali kutiliwa nanga na wengine katika maji tusiyoyapima.