Pesa ya utafiti wa skizofrenia inatoka wapi?

Skizofrenia inaanzaka sana katika umri wetu huu wa masomo. Kwetu watu wanasema haraka: amelogwa. Kuutafiti ugonjwa huu kunakula pesa na miaka, njo maana wafadhili binafsi wanahesabika sana.

Mfano ni Ted Stanley, mfanyabiashara wa Marekani. Mtoto wake aliugua akili. Mwaka 2014 alitoa dola milioni 650 kwa Broad Institute. Mwaka 2016 watafiti wa pale walionyesha kwamba aina fulani za jeni C4 zinaongeza hatari. Sisi wa agronomia tunaelewa: ubongo wa kijana unapunguza viungo vyake, sawa vile tunapunguza matawi ya kahawa. Inawezekana C4 inafanya makasi yakate kupita kipimo.

Lakini data nyingi zilitoka kwa watu wa asili ya Ulaya. Mbegu iliyojaribiwa kwenye kilima kimoja, hauwezi kuishauri kwa jimbo zima. Baadaye utafiti ulifika Uganda, Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini. Kongo haimo katika hizo nne. Mfadhili anachagua shamba. Sisi tutayarishe watafiti.