Duka Dogo Linahitaji Zaidi ya Kifurushi

Kampuni za simu za Afrika Mashariki zimezoea kumhesabu mwenye duka dogo kama mteja mwingine yeyote: zinamuuzia kifurushi, kisha zinamwacha. Huko ni kupoteza soko. Muuza nafaka au fundi cherehani hutumia simu moja kupokea malipo, kuagiza mzigo, kuweka hesabu na kujibu wateja wa WhatsApp. Mtandao ukikatika, mauzo husimama. Simu ikiibwa, kumbukumbu za biashara huenda nayo. Anachohitaji ni huduma ya kutegemewa, namba ya malipo iliyotengwa na fedha za nyumbani, na mtu wa kumpigia mambo yakiharibika.

Wapo wanaosema mteja huyu hulipa kidogo mno kuweza kugharimia huduma ya namna hiyo. Historia inawapinga. M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu iliyoanza Kenya mwaka 2007, ilijengwa juu ya miamala midogo midogo kupitia mawakala wa mitaani, na wingi wake ndio uliozaa faida. Nchini Tanzania, kuanzia 2014, mitandao ya simu ilianza kuruhusu wateja wake kutumiana fedha moja kwa moja kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na Vodacom ikajiunga 2016: washindani walishirikiana bila kuacha kushindana. Kwa ushirikiano kama huo, mawakala walewale wanaweza kufunzwa kutoa msaada wa kwanza wa kiufundi, na gharama ikagawanywa kwa maelfu ya maduka. Kampuni itakayomhakikishia mfanyabiashara kwamba kazi yake haitasimama itamtunza kwa miaka mingi. Inayoshindania bei ya kifurushi pekee itampoteza mara tu mshindani wake atakapopunguza bei.