Njaa ya Kiangazi

Mfugaji wa Shinyanga awatazamapo ng'ombe wake mwezi wa Septemba, mbavu zikihesabika na nyonga zimechongoka, aghalabu hudhani kwamba wamepungukiwa na wingi wa malisho, kumbe huenda wamesimama katikati ya nyasi kavu ziwafikazo magotini. Ng'ombe hasagi nyasi kwa nguvu zake peke yake. Husaidiwa na vijidudu wasiohesabika wakaao katika tumbo lake kubwa, nao hawawezi kuzaana wala kufanya kazi pasipo naitrojeni. Nyasi zikishakauka hata protini yake ikashuka chini ya sehemu 7 katika 100, vijidudu hao hudhoofika, nyasi hukawia tumboni bila kulainika, na mnyama, maadamu tumbo limejaa, huacha kula ilhali mwili unakonda.

Kwa hiyo mwenye fedha chache asizimalize kwa kununua mabua juu ya mabua. Ajazie protini hiyo kwa mashudu ya pamba, ambayo Usukuma si haba: hutosha nusu kilo hata kilo moja kwa siku, na wastahilio kutangulizwa ni wenye mimba, wanyonyeshao na maksai wa kulimia. Chumvi ya kulamba wapewe wote.

Asiyepata mashudu ana urea, mbolea ile ile ya shambani, iwapayo vijidudu naitrojeni. Kilo 4 au 5 huyeyushwa katika maji yapatayo lita 50, hunyunyiziwa kilo 100 za mabua ya mpunga, nayo hushindiliwa shimoni na kufunikwa kwa nailoni pasipenye hewa, yakae majuma 3, kisha yaanikwe mpaka harufu kali ipungue. Nasisitiza hadhari: ng'ombe aliyekunywa maji ya urea huweza kufa kwa saa chache, na ndama wachanga wasilishwe kabisa mabua hayo.

Lakini tadbiri iliyo rahisi kuliko zote Wasukuma walikuwa nayo zamani: ngitili, yaani malisho yafungwayo tangu mwanzo wa mvua, mifugo isikanyage, mpaka ukame ukolee. Nyingi ziliharibika kwa ufyekaji wa misitu na kwa watu kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ukazihuisha. Naiona ngitili kuwa hazina kubwa, kwa kuwa gharama yake ni subira tu ya miezi ya neema, wakati kila jicho linatamani kuifungua. Na hata ikifunguliwa, ng'ombe dhaifu huingizwa kwanza, kipande kwa kipande.