Anwani Si Nyumba: Safu na Kielekezi Katika Lugha ya C

Mtu akikupa kikaratasi chenye anwani ya nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa, hakukupa nyumba. Amekuonyesha njia ya kuifikia. Jambo hili dogo, ndugu msomaji, ndilo linalowatoa jasho vijana wanaojifunza lugha ya kompyuta iitwayo C. Nimewasikia wakilijadili hapa Kakamega, ulipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichokuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007.

Lugha hiyo ilitungwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kongwe ni kongwe, lakini hadi leo mitambo mingi yaitegemea.

Kumbukumbu ya kompyuta ni kama mtaa mrefu wa vyumba vidogo viitwavyo baiti, kila kimoja na nambari yake. Safu ni nafasi zilizofuatana mtaani humo, zilizotengewa vitu vya aina moja. Kielekezi ni kile kikaratasi chetu: hakina kitu ila nambari ya chumba.

Kakamega ni mji wa mvua, basi natuchukue vipimo vya mvua ya wiki moja. Kijana mmoja aliniandikia hivi: int mvua[7]. Maana yake, nitengee nafasi saba za namba nzima. Katika kompyuta nyingi za leo kila nafasi hula baiti 4, kwa hiyo safu yote ni baiti 28. Tuseme imeanzia chumba nambari 1000: Jumamosi itakuwa 1000, Jumapili 1004, Jumatatu 1008, hata tufike Ijumaa, 1024.

Sisi twaihesabu Jumamosi kuwa siku ya mosi, lakini C huiita mvua[0]. Kwa nini sifuri? Kwa sababu namba iliyo katika mabano si cheo cha siku, bali ni hatua ngapi upige kutoka mwanzo wa safu. Kwa Jumamosi umesimama pale pale, hukupiga hatua. Ndiyo maana mvua[2] ni sawasawa na kuandika *(mvua + 2): anzia mwanzo, piga hatua mbili, fungua chumba. Na hatua yenyewe ni upana wa namba moja, si baiti moja. Twafika 1008, si 1002.

Kwa usawa huo, wengi husema safu na kielekezi ni kitu kimoja. La, hasha! Uliza kwa sizeof ukubwa wa safu yetu, utajibiwa 28. Uliza ukubwa wa kielekezi katika kompyuta za biti 64, utajibiwa 8, hata kama chaelekeza kwenye vyumba elfu. Tena kikaratasi waweza kukifuta ukaandika anwani nyingine, nyumba haihami. Lakini safu inapokabidhiwa sehemu nyingine ya programu, haiendi yenyewe. Hupelekwa anwani ya mwanzo wake tu, na huko iendako hakuna ajuaye mwisho wake.

Hapo ndipo penye hatari. Ukiandika mvua[7], siku ya nane isiyokuwapo, C haikukatazi. Wafungua mlango wa jirani. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachilia programu iliyojieneza yenyewe katika maelfu ya kompyuta. Mojawapo ya njia zake ilikuwa hii hii: programu iitwayo fingerd ilitenga baiti 512, ikapelekewa 536. Zilizozidi zikafurika na kufunika anwani ambayo kompyuta ilikuwa iirudie, ikapelekwa kwa mgeni. Chombo kilichopokea maneno hayo, gets, kilikuwa kimepewa anwani bila kuambiwa ukubwa wa nafasi. Kiliondolewa katika kanuni za C mwaka 2011.

Basi anayejifunza C na ashike neno moja: ukimpa mwenzio anwani ya safu, mpe na idadi yake. Watu wa pwani hawakabidhiani amana kwa kuonyeshana mlango wa ghala tu. Huhesabiwa, gunia kwa gunia, mbele ya anayepokea.