Dharura Vijijini Kenya: Haki Ipo, Gari Liko Wapi?

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 43, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaifafanua haki hiyo: inaanzia kwenye huduma kabla ya mgonjwa kufika hospitalini, inaendelea hadi hali yake itengemae, na inajumuisha rufaa pale kituo cha kwanza kinapokosa uwezo. Kituo chenye uwezo kikikataa kumtibu, faini yaweza kufika shilingi milioni 3. Kumrudisha majeruhi langoni kwa kuwa hana pesa za kutanguliza ni kosa.

Adhabu hiyo humkinga zaidi mgonjwa wa mjini, mwenye hospitali karibu. Kijijini mara nyingi hakuna anayekataa. Kinachokosekana ni vifaa na usafiri.

Mama akivuja damu baada ya kujifungua katika zahanati, muuguzi, ambaye huenda yuko peke yake zamu nzima, humdunga oksitosini, humkanda tumbo ili mfuko wa uzazi ujikaze, kisha humtundikia dripu. Damu ikiendelea kutoka, zahanati imefika mwisho wa uwezo wake. Damu ya kuongezwa na chumba cha upasuaji viko hospitalini, na mama huyo anaweza kufariki katika saa chache tu. Gari la wagonjwa lisipopatikana, huitwa bodaboda. Kule Turkana na Marsabit, mvua ikinyesha laga, yaani mito ya msimu, hujaa na kukata barabara; visiwani Lamu safari ni ya boti. Adhabu inayoanzia kwenye lango la hospitali haimfikii mama huyu.

Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi serikali za kaunti huduma za magari ya wagonjwa. Kaunti ziko 47, na kila moja ina mpango wake: nyingine zimenunua magari, nyingine huyakodi.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, iliyoanza kutekelezwa Oktoba 2024 na kuuondoa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali (NHIF) uliokuwapo tangu 1966, iliunda hazina ya dharura na magonjwa sugu na mahututi. Hii ni hatua kubwa kuliko faini, kwa sababu inamtaja wa kulipa. Haki isiyo na mlipaji huiachia hospitali deni. Hata hivyo, hazina hiyo hutegemea fedha zinazotengwa na Bunge la Taifa, na dereva, mafuta na mhudumu aliyefunzwa bado ni mzigo wa kaunti.

Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na wananchi wana haki kisheria ya kutoa maoni. Wahudhurie vikao vya kutoa maoni hayo na waulize: magari ya wagonjwa mangapi yanafanya kazi, mafuta yametengewa kiasi gani, na usiku wa manane apigiwe nani?